Mrunda Ulioliwa na Mchwa

Wanangu, leo nasema nimeketi, magoti hayataki tena. Mtanivumilia.

Alikuwepo fundi mmoja wa kupiga lipu. Yuko juu ghorofani, mrunda aliokanyaga, mmoja wa ile miti wanayopandia mafundi, ukakatika. Akauona ndani: mchwa wameshaumaliza, limebaki ganda. Akaanguka nao, nyonga ikavunjika.

Tajiri wa jengo hakukimbia. Alikuja wodini na maziwa na machungwa, akaketi pale kitandani.

"Pole sana, ndugu yangu. Mdogo wako si hana kazi? Kesho aje ashike nafasi yako."

Fundi akamshika mkono, machozi yanamtoka. Mkewe akayapanga machungwa mezani.

Tajiri alipoondoka, nesi mmoja, mama mtu mzima, akasema, "Baba, kuumia kazini kuna sheria yake. Mtume mkeo kwa afisa wa kazi. Watakwenda kuikagua ile miti, na wewe utadai fidia yako."

"Nimshtaki mtu aliyeniletea maziwa? Watu watanionaje?"

"Watakuona unachechemea," mkewe akamjibu.

"Mke wangu, yaishe. Tumwachie Mungu."

Nanyi mngesema nini? Si ndiyo kauli yetu sote? Tunaitoa kwa sauti ya imani, kumbe tumechoka tu. Tumechoka kuambiwa njoo kesho, tumechoka kukaa kwenye mabenchi ya watu. Siwacheki, uchovu huo naujua.

Basi, fundi hajaanza hata kushika magongo, wakaleta majeruhi mwingine, wakamlaza kitanda cha jirani. Ni mdogo wake. Jengo lile lile, miti ile ile, na huyu hasikii miguu yote miwili.

Akageuza shingo taratibu. "Kaka, ulijua kama imeoza?"

Fundi akatazama ukutani.

Jamani, sisi tulioketi hapa, tungemjibu nini yule kijana? Tumefundishwa kusamehe, na tusamehe. Nyonga yako ni yako, isamehe ukitaka. Miguu ya mwenzako nani alikupa uisamehe? Kwenda kwa afisa wa kazi si chuki, wanangu. Ni kumwambia anayepanda nyuma yako kwamba hapo pameoza.

Maziwa yapokee, ushukuru. Kisha mtume mkeo aende.