Wimbo wa Baba Uliojaa Wageni

Wapendwa, palikuwa na kijana mmoja msanii wa hip hop. Wazee wangu, msinikunjie uso, najua muziki huo hamtaki hata kuusikia ukitajwa humu kanisani. Nivumilieni, leo unatuhusu.

Kijana huyo alikuwa akichana mistari mpaka unasahau chai yako mezani. Alipofiwa na baba yake, akamwahidi mama: "Mama, naandaa albamu. Ndani yake kutakuwa na wimbo wa baba." Mama akasema, "Huo mmoja tu unanitosha." Ikawa kila jirani akija kumpa pole, mama humwambia, subiri, wimbo wa mume wangu unakuja.

Basi kijana akaingia studio, na hofu ikaingia naye. Nikitoka peke yangu nani atanisikiliza? Akaanza kualika. Huyu ana jina, njoo. Yule anapendwa na wasichana, njoo. Na mnajua malezi yetu: mgeni hupewa kiti, mwenyeji akakalia ndoo. Kila mgeni alipotaka nafasi zaidi, kijana alikata ubeti wake mwenyewe. Prodyuza akamwonya, "Kaka, mbona unajimaliza?" Akacheka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Haya, albamu ikatoka. Redioni mchambuzi mmoja hakumung'unya maneno: "Karamu imefana, ila mwenye nyumba sijamwona." Mashabiki nao wakachachamaa mitandaoni: tumemsubiri yeye, mbona katuletea mkutano wa hadhara? Kijana akasema, wivu tu huo. Bado mama hajasikia.

Akaenda kwa mama. Sebule imejaa majirani. Akauweka wimbo wa baba. Mdundo ukaingia, kisha sauti nzito ya msanii mashuhuri ikaanza kulia: baba, baba yangu, umeniacha. Ubeti wa pili, mgeni mwingine. Kiitikio, dada mmoja hivi. Wimbo ukaisha. Mama akaishusha kanga aliyokuwa ameishikilia mdomoni, akamgeukia mwanawe.

"Huyu anayemlilia mume wangu ni nani?"

Jamani! Kijana akajibu haraka. "Mama, huyo ni msanii mkubwa sana..."

"Sikuuliza ukubwa wake. Alimjua?"

"Hapana, mama."

"Na wewe uliyemjua, umesema nini?"

Hakuwa amesema neno. Wimbo wa baba yake mzazi, na yeye hayumo!

Mnaguna? Mnamshangaa? Hebu tujitazame sisi. Mtoto anaumwa, unampigia mchungaji: niombee. Ndoa inawaka moto, unaandika kwenye kikundi cha maombi, unazima simu, unalala. Kwaya imsifu Mungu kwa niaba yako, mama mkwe afunge kwa niaba yako. Wewe mwenyewe mara ya mwisho umesema na Mungu lini? Ni Baba yako huyo! Anasubiri maneno yako hayo hayo ya kubabaika, nawe unamtumia watu wenye sauti nzuri!

Kwaya, naona mmeshasimama. Kaeni. Mzee wa kanisa, asante, leo usituongoze. Hapa mbele hakuna atakayeomba, hata mimi. Fumba macho, fungua kinywa chako mwenyewe. Anza.