Kisu Huwekwa Chini

Ngano imebisha hodi. Semeni: karibu!

Mzee Fumo alipenda visu vya kukunja. Alikuwa navyo tisini na tisa, vya mpini wa mpingo na wa pembe, akivipaka mafuta kila asubuhi. Siku moja zimwi likamletea cha mpini wa mfupa, likasema:

"Pokea."

"Baba, liambie likiweke chini," akasema bintiye, Mwanapili. "Kisu hakipokelewi mkono kwa mkono."

"Pokea." Mzee akameza mate.

"Pokea." Akapokea.

Kisu kikajikunja, naye akakunjwa ndani.

"Ulikusanya visu," zimwi likacheka. "Mimi nakusanya wenye visu. Pokea, binti. Ni baba yako."

Mpini ulimwita kwa sauti ya baba. Mwanapili akaficha mikono mgongoni, akilia. "Kiweke chini."

Zimwi halikukiweka. Likaondoka nacho, kikiita.

Ngano yangu naiweka chini. Anayeitaka aiokote.