Bi Kanga na Yowe la Pili

Paukwa!

Pakawa!

Kabla ya ngano, niungame. Siku moja jirani yangu alipiga yowe. Vijana walikuwa wanambomolea banda lake la kuku. Mimi nilikuwa barazani nachambua mchele. Nikaendelea kuchambua. Mwenyezi Mungu anisamehe, maana yule mama alihama kabla sijamwomba radhi. Haya, sikilizeni.

Hapo zamani za kale, kando ya kisima palikuwa na nyumba tatu: ya Pimbi, ya Digidigi na ya Bi Kanga. Juu kilimani alikaa Nyati, mlinzi wa mji. Desturi yao ilikuwa hii: yowe moja ni mzaha, mayowe mawili ni msiba. Mwenye shida akilia, jirani humwitikia kwa yowe la pili. Hapo ndipo Nyati hushuka. Na kwa ukali wa sauti, hakuna aliyemfikia Bi Kanga.

Mwaka huo Bi Kanga alikuwa ameatamia mayai kumi na mawili. Ya mwaka uliopita yaliviza yote. Haya ndiyo yaliyokuwa roho yake.

Basi akaja Nyani na genge lake, asubuhi kweupe. Wakakojoa kisimani, wakavurumisha mawe mlangoni kwa Pimbi, huku wanaimba:

"Pita, pita, pote petu!"

"Yoweee! Jirani, niitikie!" Pimbi akalia.

Bi Kanga akafungua mdomo. Nyani akamgeukia, meno nje.

"Shikamoo, mama. Wewe atamia tu. Na wewe hatuna neno."

Bi Kanga akafumba mdomo. Moyoni akasema, mie nina mayai, Digidigi ataitikia. Naye Digidigi alikuwa nyuma ya mlango wake anasema, Bi Kanga mwenye sauti ataitikia.

Kilimani Nyati akageuka ubavu. "Moja tu. Mzaha."

Pimbi akahama.

Siku ya pili wakarudi. Wakang'oa ua wa Digidigi, wakazikanyaga kunde zake.

"Pita, pita, pote petu!"

"Yoweee! Bi Kanga, niitikie! Tumebaki wawili!"

"Shikamoo, mama. Wewe atamia tu."

Bi Kanga akayafunika mayai kwa mbawa, akafumba na macho.

"Moja tu," akasema Nyati. "Mzaha."

Digidigi akafunga mizigo. Alipopita mlangoni hakugomba. Alisema tu, "Haya, dada. Baki na amani yako."

Siku ya tatu wakaja bila haraka.

"Shikamoo, mama. Leo simama kidogo."

Wakamsukuma, wakayachukua mayai, wakawa wanarushiana kama mpira.

"Pita, pita, pote petu!"

"Yoweee! Jirani, niitikie!"

Sauti ile ilitikisa majani. Nyati aliisikia sawasawa. Akainua kichwa, akangoja la pili. Kwa Pimbi, kimya. Kwa Digidigi, kimya. Akangoja. Akangoja.

"Moja tu," akasema, akageuka ubavu.

Nyani wale hata hawakukimbia. Waliondoka wanatembea, wanacheka. Bi Kanga akalia hadi sauti ikamkauka, kisha akainama, akaanza kuokota maganda, moja moja, akiyapanga penye kiota kana kwamba yataungana.

Ngano yangu imekomea hapo, penye maganda.

Nami nawaomba jambo moja tu: jirani yako akipiga yowe, mwitikie.