Baba Aliyejipaka Ujana

Wapendwa, leo naomba tuongee habari za kichwa. Sisemi kilichomo ndani, hicho kina siku yake. Nasema za juu kabisa, nywele. Naona Mama Ngailo ameshaanza kurekebisha kilemba. Tulia mama, sikusemi wewe, huu ni mfano tu.

Nawaletea baba mmoja. Jina sina, mpeni lolote mnalotaka ila lisiwe la jirani yako. Alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, ana mke, ana binti mmoja tu, na ana nywele nyeusi tii. Alipofika miaka arobaini na mbili mvi zikaanza kuchungulia. Angeziacha tu. Lakini siku moja sokoni kijana wa viazi akamwambia, shikamoo babu, nikupimie ndoo ngapi? Na vijana wake wa kazini walikuwa hapo nyuma, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ikamchoma. Viazi hakununua. Alipita duka la vipodozi akanunua paketi ya rangi nyeusi, ile ya unga.

Mnaopaka mnanielewa, na msiopaka ngoja niwaeleze. Rangi ya nywele haina kumaliza. Nywele hazilali, unapaka leo, wiki ijayo mvi inakuangalia tena kutoka chini. Kila baada ya Jumamosi mbili yule baba anajifungia bafuni na bakuli la plastiki, mswaki mkuukuu, taulo lililokwisha kuharibika na mfuko wa nailoni wa kuvaa kichwani. Dakika arobaini amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hapokei simu, hafungui mlango. Mke akigonga anaambiwa subiri. Ngozi ya kichwa inamwasha mpaka anajikuna kwenye vikao. Foronya zote za nyumba zina madoa. Masikio meusi, na akiulizwa anasema ni vumbi la mbao. Vumbi jeusi la mbao mmeliona wapi?

Pesa nazo zilikwenda, miaka kumi na moja ya paketi, lakini pesa tuziache. Mimi kinachoniuma ni kingine. Mama yake mzazi aliugua kijijini, akaenda kumuuguza, akakaa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu akaaga. Mama akamshika mkono akamwomba abaki walau mpaka Jumapili. Akasema kazini wanamhitaji. Wapendwa, kazini hakuna aliyekuwa anamhitaji. Mizizi ilikuwa imeanza kuonekana, basi. Na yule mama hakuumaliza mwezi.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Baba huyu alikuwa na mdogo wake, wamepishana miaka sita, naye akahamia mjini pale pale. Mdogo mtu mvi zake chache hakuzigusa, na kitambi anacho. Majirani walipowaona pamoja wakauliza, huyu ndiye kaka yako? Angesema hapana, huyu ni mdogo wangu, yakaisha. Lakini akapiga hesabu ya haraka: nikisema huyu ni mdogo, wataniuliza mimi mkubwa nina miaka mingapi na nywele hizi nazitoa wapi. Akajibu ndiyo, huyu ni kaka yangu mkubwa.

Mdogo mtu hakukataa. Angekataaje? Tangu siku hiyo mtaa mzima unampa shikamoo, na kaka yake pembeni anaambiwa mambo vipi. Kochi la kuegemea nyumbani kwa kaka mtu likawa la mdogo. Kuku akichinjwa, firigisi inakwenda kwake, na mwenye nyumba anatafuna shingo ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Halafu binti akaitwa pembeni akaelekezwa na baba yake: mbele za watu huyu usimwite baba mdogo, mwite baba mkubwa. Binti akaitikia, kwa sababu alilelewa vizuri.

Na kwetu mnajua baba mkubwa ni nani. Kwenye mambo ya posa baba mkubwa akikohoa, baba mzazi ananyamaza.

Siku zikaenda, binti akapata mchumba, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mstaarabu wa kanisani. Wamesubiriana miaka mitatu. Ikapangwa siku ya kuleta barua. Nyumba ikawa na pilikapilika, kupaka chokaa, kuazima viti, kutafuta mchele mzuri, na ile Jumamosi ya bafuni ikapita bila bafuni. Asubuhi ya shughuli yule baba akajipakapaka pembeni tu kwa mswaki, kwenye masharubu na juu ya masikio, akajipa moyo kwamba huku kwingine hakuonekani.

Saa nne wageni wakafika, wazee watano na mshenga wao mbele, mtu mrefu wa koti, barua ameifunga kwenye leso nyeupe. Mlangoni wakamkuta baba wa binti amesimama kuwapokea. Mshenga akamwambia, kijana, tupishe kidogo wazee wapite. Wakapita. Wakamwona mdogo mtu kwenye kochi, wakainama wote kumwamkia. Mshenga akapiga goti, akatoa barua kwa mikono miwili, akampa yeye.

Kwa desturi ya watu wale, mkubwa wa ukoo anafungua leso, anasoma, kisha anaagiza wageni waletewe maji ya kunawa. Yakija maji, mambo yamekubaliwa. Asipoifungua barua akaiweka mfukoni, hayo nayo ni majibu, na hakuna wa kuyapindua. Yule bwana aliipokea vizuri. Hakuifungua. Akaiingiza mfuko wa ndani wa koti, akawaeleza wageni kwamba binti ana mtu wake tayari, rafiki yake fulani mwenye malori, wameshazungumza wao wawili. Akawashukuru kwa safari.

Binti alikuwa nyuma ya pazia na shangazi zake, akayasikia yote. Huyo mwenye malori hajawahi hata kuongea naye. Hakulia. Alikaa chini sakafuni na kitenge chake kipya.

Baba akasimama. "Mimi ndiye mkubwa," akasema. "Huyu ni mdogo wangu. Hana ruhusa ya kumjibia binti yangu."

Watu wakatazamana, kisha wengine wakacheka. Mshenga akamjibu kwa upole, "Baba, uchungu wa mtoto tunaujua. Lakini kaka yako akishasema, wewe huna la kuongeza."

Jirani mmoja akakumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyewatambulisha huyu kuwa kaka yake. Mke wake na shangazi wa binti wakaapa kwamba yeye ndiye mkubwa. Wakaambiwa wanawake wa nyumba hiyo lazima watamtetea. Mtaniuliza, si angetoa kitambulisho? Alikitoa. Lakini siku ya kujiandikisha alijipunguzia miaka minane kwa kinywa chake. Wakakisoma, kikaonyesha yeye ndiye mdogo. Na yule wa kwenye kochi wala hakunyanyuka. Akamwambia mbele ya wakwe, mdogo wangu, kaa chini, unatuaibisha.

Jamani, hebu jiwekeni pale. Mtoto wako wa pekee anaondoka kwenda kwa mtu asiyemtaka, na kila shahidi anayesikilizwa anakukana, na mashahidi wote uliwafundisha wewe. Ungefanya nini? Angeweza kukaa chini. Wengi wetu tumekaa. Kuna mtu humu amekaa tangu mwaka juzi.

Hakukaa. Alitoka mlango wa nyuma, akavuka njia, akaingia kwa kinyozi. Kinyozi akauliza kama anapunguza au anatia rangi. Akaambiwa, toa nyeusi yote, acha kilichopo chini. Kinyozi akasita, maana anamjua huyu mteja na nywele zake. Akawasha mashine. Nyeusi zikaanza kudondoka kwenye shuka, na chini yake kichwa kikatokea cheupe kama unga wa sembe, si mvi moja moja, kichwa kizima. Kinyozi akazima mashine. Akamtazama kwenye kioo, akamwambia, shikamoo mzee. Yule baba akaitikia marahaba, na machozi yakamtoka, kwa sababu alikuwa hajaitikia neno hilo mtaani pale kwa miaka kumi na moja.

Akarudi, na safari hii akapita mlango wa mbele. Wageni walikuwa wanatafuta viatu vyao. Akasimama katikati ya sebule na kichwa chake cheupe, mabega yamejaa vipande vya nywele nyeusi.

"Nimewadanganya wote," akasema. "Nilipaka rangi, nikapunguza miaka, nikampa mdogo wangu kiti changu ili mimi nionekane kijana. Nisameheni. Aibu hii ni yangu, nimeikubali. Lakini mwanangu hatailipia."

Hakuna aliyecheka. Mshenga akaangalia kichwa kile, kisha akaangalia kile cha kwenye kochi chenye mvi za kuhesabika. Bado anapima. Hapo pazia likafunguka. Binti akatoka, akapita katikati ya wazee, akapiga magoti mbele ya baba yake akamwamkia. Kisha akamgeukia mtu wa kwenye kochi. Mtaa mzima umejaa madirishani. Kwa adabu zote akanyoosha mikono miwili.

"Baba mdogo," akasema, "naomba barua ya baba."

Eeh, Mungu wangu. Baba mdogo! Mtoto aliyefundishwa kwetu hawezi kumshusha baba yake mkubwa cheo mbele ya wakwe, hata umpige. Wale wazee waliposikia lile neno wakajua kesi imekwisha. Mdogo mtu akatia mkono mfukoni. Akaitoa leso. Akainuka kwenye kochi, polepole, akaenda kukaa pale mlangoni na vijana. Mshenga akaivua kofia yake, akaichukua barua, akapiga goti upya mbele ya mwenye nyumba, akaanza maneno yake yote toka mwanzo, na shikamoo ndani yake. Yule baba akafungua leso, akasoma, akasema waletewe maji. Vigelegele vya shangazi vilisikika mpaka kiwandani. Waliokuwa kazini walizima misumeno wakiuliza kuna nini.

Ndugu zangu, mmeona kilichompa ushindi? Ujana wa kwenye paketi haukumsaidia kitu. Kile alichokifukuza miaka kumi na moja, akakilipia pesa kisionekane, akamwacha mama yake kitandani kwa ajili yake, hicho hicho ndicho kilichomrudishia mtoto. Kumbe alikuwa anakipaka rangi cheo chake.

Sijasema kupaka nywele ni dhambi. Mama Ngailo, acha kilemba, umependeza. Nenda saluni, paka, suka, huo ni mfuko wako na kichwa chako. Mimi nauliza jambo lingine. Kuna nini Mungu alikupa, wewe unagharamia kila wiki kisijulikane? Kuna mtu humu Mungu alimtoa kwenye pombe, alikuwa analala mtaroni, leo anavaa tai na hataki tukumbuke. Na jirani yake ana kijana anakufa kwa pombe hiyo hiyo, anatafuta mtu mmoja tu wa kumwambia inawezekana. Kuna mwingine mama yake akija mjini anamtambulisha kwa marafiki kama jamaa wa kijijini. Mama aliyekubeba mgongoni! Mzee Kyando, unatikisa kichwa, lakini wewe na mimi nasi tuna bafu zetu tunazojifungia. Mimi yangu naijua.

Na wakati umejifungia humo na mfuko kichwani, sebuleni kuna mtu kwenye kochi lako. Anaitwa hofu. Watu watasema nini, ndilo jina lake la pili. Huyo ni mdogo wako, ulikuwepo kabla yake, wala hakukujengea hata tofali moja. Lakini ulimtambulisha mwenyewe kuwa mkubwa, na sasa anapokea barua zako. Ngapi ameshaziweka mfukoni? Mungu ametuma baraka mara ngapi nyumbani kwako, hofu ikawajibu wajumbe warudi salama?

Lakini sikuja kuwahuzunisha asubuhi hii, nimekuja na habari ya ushindi. Yule baba alijificha miaka kumi na moja, kurudi kulimchukua dakika kumi na mashine ya kinyozi. Kochi lilikuwa bado lipo. Mtoto alikuwa bado anamngoja aseme. Wageni walikuwa bado hawajavaa viatu. Na sisi hatujachelewa, wapendwa, nasema hatujachelewa. Baba yetu wa mbinguni anakijua kichwa chako chini ya rangi yote, na hajawahi kukionea aibu hata siku moja.

Basi simameni, kanisa. Hata wenye magoti mabovu, shikeni benchi msimame. Leo tunaingia kwa mlango wa mbele. Iangalie hofu yako machoni, uiambie kwa sauti mpaka majirani wa kanisa wasikie: mdogo wangu, inuka hapo, hicho kiti ni changu.