Vyungu Vibichi vya Tumpe

Mwanamke mmoja aliyeitwa Tumpe alikuwa na mikono inayojua udongo. Aliishi kando ya ziwa, chini ya milima, pamoja na mama yake, Sekela, na wote wawili walikuwa wafinyanzi. Tumpe alifinyanga, mama alichoma. Nanyi mnajua kwamba chungu, hata kiwe kizuri namna gani, kabla hakijapita motoni ni udongo mkavu tu. Ukikitia maji kinarudi kuwa matope.

Tumpe aliipenda kazi yake. Sikilizeni vizuri hapo, maana ubaya haukuanzia kwenye kupenda. Siku moja aliegemeza simu yake kwenye jiwe, akajirekodi akiuvuta udongo kutoka chini kwenda juu mpaka ukawa shingo ya mtungi, akairusha video ile mtandaoni. Hakutaka kitu. Alitaka tu wengine waone kile kilichomfurahisha. Mwanamke mmoja wa mbali, aliyefiwa na mumewe, akamwandikia: "Dada, nikiitazama mikono yako moyo wangu unatulia." Tumpe alimsomea mama yake maneno hayo. Mama akasema, "Basi usimwache. Mfinyangie tena."

Akaendelea, na ilikuwa kazi njema.

Lakini watu walipoongezeka, Tumpe akaanza kuwatazama wanaomtazama. Akagundua kwamba chungu kikiwa bado kibichi, na unyevu haujaondoka, hung'aa juani, na watu hukishangilia. Moto hawakuupenda. Siku aliyorusha video ya kuchoma, yenye moshi na majivu na vyungu vilivyopasuka, na mama yake ameinama anakohoa, watu walipita bila neno. Mtu mmoja wa mjini, mjuzi wa mambo ya mtandao, akampigia simu kumshauri. "Dada," alimwambia, "watu hawafuati vyungu. Wanakufuata wewe. Jenga jina lako, hayo mengine yaondoe." Tumpe akayaondoa, hata ile video ya kuchoma akaifuta. Moshi ulipoingia kwenye picha, aliukata. Mama alipopita nyuma yake na mzigo wa kuni, alimkata. Wafuasi wakampa jina, Malkia wa Udongo, naye akalivaa jina hilo mpaka likamkaa mwilini.

Hatimaye akaacha kabisa kupeleka vyungu motoni. Avipeleke kwa nini? Moto huvunja, moto hufifisha mng'ao, na moto hauna watazamaji. Alifinyanga, akajirekodi, akavipanga vyungu kwenye kichanja nyuma yake vikakauka hapo, kwa kuwa vilipendeza kwenye picha. Mama akabaki anafinyanga vichache vyake mwenyewe, kwa mikono inayotetemeka, akivichoma peke yake. Hivyo ndivyo vyungu walivyopikia. Hakumlaumu binti yake. Alimwangalia tu, kama mtu anavyomwangalia mgeni anayefanana na mtu wake.

Asubuhi moja mama alisimama mlangoni pa banda, kamba ya kuni mkononi.

"Tumpe, mwanangu, leo mgongo umenikataa. Twende wote mlimani."

Ziwa lilikuwa limetulia, na jua lilikuwa linaingia vizuri bandani. Tumpe alikuwa ameshaanza kujirekodi.

"Mama, nisubiri kidogo. Mwanga huu ukipita haurudi."

Mama alingoja. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Mimi natangulia." Akaenda.

Waliotoka kumtafuta walimkuta kabla ya adhuhuri, ameketi kwenye njia ya mlimani, ameegemea mzigo wake kana kwamba anapumzika. Tumpe ndiye aliyemfikia kwanza. Alimwita, akamtikisa bega, akamwita tena. Kuni zilikuwa zimefungwa vizuri, kama alivyozifunga maisha yake yote.

Watu wakajaa uani kwa msiba. Wanawake wa ukoo wakaingia bandani kutafuta vyombo vya maji, maana vile vya marehemu havikutosha. Wakaona kichanja kimejaa mitungi mizuri ambayo watu wa mbali waliisifu. Tumpe alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika khanga kichwani. Aliwaona wakiishusha. Aliwaona wakiipeleka penye maji. Akaivuta khanga ikamfunika uso. Maji yalipomiminwa, mtungi wa kwanza ulilegea kitako, ukamwagika miguuni mwa watu. Mwingine ulimwachia mama mmoja shingo tupu mkononi. Mbonile, mdogo wake marehemu, aliyatazama matope yale, akakitazama kichanja, kisha akamgeukia binti wa dada yake. Hakupaza sauti.

"Tumpe, kumbe vyote hivi ni vibichi?"



Baada ya mazishi alirusha mtandaoni picha ya mama yake. Pole zikaingia kwa wingi, nyingi za kweli, za watu wenye huruma. Lakini mara kwa mara alikutana na maneno yaleyale: "Pole sana, Malkia. Hatukujua kama ulikuwa na mama."

Matanga yalipokwisha, alizichukua kuni zile ambazo mama yake alikufa nazo, akashusha vyungu vilivyobaki, akawasha moto. Vyote vilipasuka. Hakujua vinapashwa vipi kabla ya kuingia motoni, wala kuni ipi hutangulia, wala nyasi huongezwa lini. Hayo yote mama aliyajua, na Tumpe alikuwa ameyakata. Akakaa chini na simu, akapitia video zake zote, za zamani na za karibuni, akitafuta mahali popote palipobaki moto. Hapakuwa na mahali. Katika video moja tu, mwishoni, ilisikika sauti ya mama kutoka nyuma: "Upepo ukigeuka, mwanangu, usi..." Hapo ndipo alipokuwa ameikatia. Aliirudia video ile mpaka simu ikazima. Mpaka leo hajui upepo ukigeuka asifanye nini.

Sasa Tumpe anachoma. Alikwenda kwa wanawake wafinyanzi wa ghuba ya jirani, akaketi kwao kama mwanafunzi, wakamfundisha moto wao. Vyungu vyake vinashika maji, na anawaonyesha watu vyote, pamoja na moshi na vile vinavyopasuka. Wengi wamemwacha. Lakini wanakijiji wanasema chungu cha Sekela, ukikigonga kwa kucha, kilikuwa na mlio wake, na mlio ule hawajausikia tena. Tumpe naye anasema hivyohivyo. Hugonga kila chungu kinachotoka motoni, akatega sikio, kisha akakiweka chini.

Ndugu zangu, sikuja kuwakataza kuwaonyesha watu kile mnachokipenda. Nimekuja na swali moja, na kila mtu aende nalo nyumbani kwake: ili jina lako ling'ae, ni nani uliyemkata kwenye picha, na je, yu hai bado?