Mche Ulioitwa Kifungua Mimba

Wapo watu ambao mkono wao haujui kukataa. Mtoto akililia kisu watampa, kwa sababu kilio chake kinawachoma kuliko kisu chenyewe. Wahenga waliwajua mapema watu hao, wakawatungia methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayekwepa uchungu mdogo leo kwa kumwonea huruma ampendaye, kesho atakutana na uchungu mkubwa. Nitawasimulia habari za mmoja wao, ingawa yeye hakuwa na mwana. Alikuwa na nyanya.

Alikuwa mwalimu wa chekechea, ameolewa mwaka wa pili, na aliishi na mama mkwe wake. Mama mkwe huyo alirithi kwa mamaye mbegu za nyanya kubwa zenye mikunjo, ambazo kipande kimoja tu kilifunika slesi nzima ya mkate. Dukani hazikupatikana. Kila msimu alikamua mbegu za tunda lililo bora, akaziloweka siku tatu mpaka ute ukaachia, akazikausha kwenye sahani na kuzitia katika bahasha. Kisha macho yakaanza kumsumbua, akapitisha miaka minne bila kupanda. Alipopata nafasi ya kwenda kupasuliwa macho katika mji mwingine, alimkabidhi mkazamwana wake bahasha ya mwisho.

"Zipande zote," alimwambia. "Zimezeeka kama mimi, nyingine zitakataa kuamka. Na ukiona mche umeugua, ng'oa, choma. Usiubembeleze."

"Nimesikia, Mama."

"Kusikia hata kuku anasikia. Mimi nataka utende."

Mbegu zilikuwa ishirini na mbili, zikaota saba. Mwalimu alizilea dirishani katika makopo ya maziwa, akaizoesha miche jua kidogo kidogo, leo saa moja, kesho saa mbili, kisha akaihamishia bustanini nyuma ya nyumba na kuifunga kwenye vijiti. Siku hiyohiyo hofu ilimwingia. Kila alfajiri aliihesabu kabla hata ya kunawa uso. Akiwa darasani, wingu likitanda tu, moyo ulimwenda mbio na watoto wakaimba wimbo mmoja mara nne bila yeye kutambua. Alijua kwamba miche hiyo saba ikifa, mbegu ile imekwisha duniani.

Mche uliotangulia kuota aliuita Kifungua Mimba, akaupanda kwenye kona yenye jua zuri. Ndio uliotangulia pia kutoa maua, kisha tunda la kijani lililolingana na ngumi ya mtoto. Aliupenda kupita kiasi, na hakuona haya kuusemesha.

Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano, Jumatatu, alikuta doa la kahawia kwenye jani la chini la Kifungua Mimba. Alipoligeuza jani aliona unga mweupe.

Jirani yao, fundi cherehani aliyelima nyanya miaka mingi, alichungulia juu ya ua. "Mwalimu, huo ni ukungu. Ung'oe sasa hivi, kabla upepo haujausambaza."

"Lakini una tunda, Fundi."

"Una tunda na una maradhi. Ile sita imekosa nini?"

Mwalimu alilishika shina kwa mikono miwili. Lilikuwa na vuguvugu la jua, na harufu ya majani ikampanda puani. Akaliachia. Alichukua mkasi, akakata lile jani moja na kulifukia. Kisha, kwa mkasi uleule, akaendelea kupunguza vichipukizi vya miche sita iliyobaki, kama alivyofanya kila Jumatatu. Jioni fundi alipomuuliza, alijibu kwamba ameshaung'oa. Akaanika shuka kwenye ua ili kona isionekane.

Tangu hapo hakujua raha. Jumatano shina la Kifungua Mimba lilikuwa na weusi, akakata tawi. Jumamosi doa likatokea kwenye mche wa pili, Jumapili kwenye wa tatu. Mama mkwe alipiga simu.

"Watoto wangu wa bustanini hawajambo?"

"Hawajambo, Mama," alijibu.

Hata majuma mawili hayajatimia, miche yote saba ilikuwa kama iliyomwagiwa maji ya moto. Matunda yalioza yangali mabichi, mbegu zake bado ute mtupu. Alipasua tunda moja baada ya jingine akitafuta walau mbegu moja iliyokomaa, akakosa.

Mama mkwe alirudi Ijumaa. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, mkoba ungali begani, kwa hamu ya kuona kwa macho mapya. Akasimama.

"Uliuona lini wa kwanza?"

"Jumatatu ya juma lililopita, Mama."

"Ulikuwa mmoja?"

"Mmoja tu. Niliuonea huruma. Ulikuwa na tunda."

Mama mkwe aliligeuza jani moja lililonyauka, kidevu kikimcheza. Mwalimu alitamani atukanwe, yaishe.

"Daktari amenikataza kulia mpaka vidonda vya macho vipone," alisema hatimaye. "Basi nililie wewe, mwanangu. Ing'oe yote."

Mwalimu akapiga magoti kwenye matope, akang'oa mche mmoja baada ya mwingine, akianzia kwenye kona, huku machozi na kamasi vikimchuruzika asiweze hata kujifuta. Mama mkwe wake alisimama juu yake, macho makavu, akihesabu hadi saba. Kweli, mchelea mwana kulia hulia yeye.