Bakuli la Mwana Shumi

Jambo la mwisho la kawaida, enyi mlioketi hapa, ni kwamba Mwana Shumi alisuuza bakuli lake la uji, la udongo wa kijani king'aacho, lililotoka Uajemi. Jioni aliugua, alfajiri akafariki.

"Lete bakuli nilijengee ukutani mwa kaburi," alisema fundi, maana ndivyo mji ule ulivyopamba makaburi ya wapendwa.

Shekuwe, mumewe, alikataa. Bakuli lilikuwa limeanza kusema kwa sauti ya marehemu.

Siku ya kwanza liliuliza, "Umekula?" Akalia. Siku ya pili, "Umelala?" Akalikumbatia. Siku ya tatu likasema, "Usinitoe, Shekuwe."

Akalitua chini. Miaka thelathini mkewe hakuwahi kumtaja jina. Alimwita Baba Somoe, na akikasirika, "Wee mzee!"

"Nani wewe?"

"Jini tu," likacheka. "Lakini sauti si ndiyo ile ile? Niache nikae."

Shekuwe aliliinua tena, akalisogeza sikioni, kwa kuwa sauti ilikuwa ndiyo ile ile.

"Toka," akasema, na jini akatoka kama mvuke.

Asubuhi alimpelekea fundi bakuli, akamkorogea chokaa kwa mikono yake mwenyewe.